Makka na Wachora Picha Zake

Mji wa Makka una jambo moja lisilopatikana katika mji mwingine. Mamilioni ya watu huuelekea kwa nyuso zao mara tano kila siku, na walio wengi kati yao hufa bila ya kuuona. Kwa sababu hiyo Makka ni mji wa picha tangu zamani. Aliyejaliwa kwenda alipenda kurudi na kitu cha kuwaonyesha jamaa zake. Asiyejaliwa alitundika picha ya Kaaba ukutani, akaitazama na kuomba dua siku yake ifike. Kwa karne nyingi kazi ya picha hizo ilikuwa moja: kumletea mtu mahali asipoweza kupaendea. Tangu katikati ya karne ya 20 imezuka kazi ya pili. Picha huhifadhi mahali ambapo hata haji aliyefika Makka hawezi kupaona, kwa kuwa pamebomolewa. Jinsi kazi ya kwanza ilivyozaa ya pili ni habari inayostahili kuangaliwa, maana ndani yake mna swali kubwa: uwanja ulio mtukufu kuliko viwanja vyote ni wa nani, na nani atunze kumbukumbu yake?

Makka umo bondeni, katikati ya milima mikavu ya mawe, na Msikiti Mtakatifu umo mahali pa chini katika bonde hilo. Mvua kubwa inaponyesha, maji yote hukimbilia huko. Mafuriko ya mwaka 1630 yaliangusha kuta za Kaaba, ikajengwa upya katika enzi ya Sultani Murad wa Nne wa Waturuki. Mafuriko ya mwaka 1941 yaliacha picha mashuhuri ya watu wakiogelea mbele ya nyumba ile tukufu. Bonde halina mto wala shamba. Mavuno ya wenyeji yalikuwa ni wageni, na pengine hakuna mji duniani ambao methali ya Waswahili isemayo "mgeni njoo mwenyeji apone" iliutimilia zaidi ya huu. Nyumba za mawe zenye ghorofa nyingi na madirisha ya mbao zilizochongwa ziliusonga msikiti pande zote. Wenye nyumba walikaa katika vyumba vichache wakati wa haji, na vilivyobaki waliwapangisha mahujaji. Kadiri nyumba ilivyokaribia msikiti ndivyo kodi yake ilivyopanda. Basi mvutano wa ardhi ulizaliwa pamoja na mji wenyewe: mwenye nyumba alitaka kusogea, na mwenye kusali alitaka nafasi.

Mvutano huo haukuanza jana. Mtume alipofariki, Kaaba ilikuwa imezungukwa na uwanja mdogo usio na ukuta, na nyumba za watu zilikuwa ndizo mpaka wake. Mwaka 638 Khalifa Umar aliona uwanja hautoshi. Alinunua nyumba zilizo karibu akazibomoa, na wenyewe walipokataa kuuza aliamuru zibomolewe vivyo hivyo, thamani yake ikawekwa katika hazina mpaka walipokubali kuipokea. Hoja yake ilikuwa kwamba Kaaba ilitangulia, nao ndio walioijia na kuisonga. Khalifa Uthman alipopanua tena, watu walipiga kelele, akawafunga. Katika karne ya 8 Khalifa al-Mahdi wa Bani Abbas alinunua nyumba nyingine nyingi akaongeza uwanja kwa kipimo kisichopata kuonekana kabla yake. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba Makka haukupata kuguswa mpaka zama za saruji na chuma hasemi kweli. Nyumba za Makka zimekuwa zikitoa nafasi kwa wasalio tangu karne ya kwanza ya Uislamu.

Lakini katika nyakati zile palikuwa na mtu aliyeandika. Katika karne ya 9 mwanachuoni wa Makka, al-Azraqi, alitunga kitabu cha habari za mji wake. Humo hakutosheka na kueleza Kaaba na kisima cha Zamzam. Alizitaja nyumba, mtaa kwa mtaa, ipi ilikuwa ya ukoo gani, ipi iliuzwa, na ipi iliingizwa msikitini. Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Al-Azraqi aliufanyia mji wake daftari, na kwa sababu hiyo nyumba zilizovunjwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita zingali na majina, hali nyingi zilizovunjwa juzi hazina.

Baada ya waandishi wakaja wachoraji. Haji aliyerudi kwao aliweza kuchukua hati ndefu iliyochorwa mahali alipopita, ishuhudie kwamba ibada yake imetimia. Hati moja ya namna hiyo, ya mwaka 1433, ilitengenezwa kwa ajili ya mwanamke aliyeitwa Maymunah, nayo imehifadhiwa London. Urefu wake wapita mita mbili. Mwanzoni mwa karne ya 16 Muhyi al-Din Lari alitunga kwa Kiajemi kitabu cha mashairi juu ya miji miwili mitakatifu, kikanakiliwa mara nyingi pamoja na picha za kila kituo cha haji. Kitabu cha sala za Mtume kiitwacho Dalail al-Khayrat, cha al-Jazuli wa Moroko aliyefariki mwaka 1465, kilienea tangu Afrika ya Magharibi hata visiwa vya Indonesia, na katika nakala nyingi picha ya Madina na picha ya Makka zilikaa zikitazamana. Katika karne ya 17 mafundi wa Iznik, katika nchi ya Waturuki, walichora Msikiti wa Makka juu ya vigae vya buluu na kijani, vikabandikwa katika kuta za misikiti na majumba ya wafalme.

Picha hizo zina adabu yake. Mchoraji huutazama uwanja kana kwamba yuko juu angani, na Kaaba nyeusi huwa katikati. Baraza za nguzo zinazouzunguka uwanja hulazwa chini pande zote nne, kama kuta za kisanduku kilichofunguliwa, ili kila nguzo na kila taa ionekane. Minara huhesabiwa na milango huandikwa majina. Karibu na Kaaba huonekana vibanda vya maimamu wa madhehebu manne ya Sunni, maana zamani wafuasi wa kila madhehebu walisali nyuma ya imamu wao. Haji aliyetoka Unguja, Lamu au Mombasa, akiwa Mshafii kama walivyo Waislamu wengi wa pwani ya Afrika ya Mashariki, angaliweza kuweka kidole juu ya kigae na kusema, "Hapa ndipo nilipokuwa." Baada ya ukoo wa Saud kuutwaa mji mwaka 1924, sala iliunganishwa chini ya imamu mmoja, na baadaye vibanda vile vikaondolewa. Leo atakaye kuviona na atazame vigae na picha za kale.

Walakini adabu hiyo ilificha mambo mengi. Uwanja wa kigaeni aghalabu ni mtupu. Hamna haji aliyechoka, hamna mchota maji, hamna muuza tasbihi. Nyumba zilizousonga msikiti ama hazimo kabisa ama ni alama chache pembeni. Mchoraji hakukusudia kuonyesha mji jinsi ulivyokuwa siku fulani; alikusudia kuonyesha kile ambacho, kwa imani yake, siku haikibadilishi. Ilibidi kije chombo kisichojua adabu hiyo, nacho ni kamera.

Mwaka 1861 Muhammad Sadiq, mwanajeshi wa Misri aliyesomea uhandisi, alipiga picha za kwanza zijulikanazo za Madina. Na mwaka 1880 akapiga za Makka. Mwaka 1881 kazi yake ilipata nishani katika mkutano wa wanajiografia huko Venice. Miaka michache baadaye, mwaka 1885, Mholanzi Snouck Hurgronje, aliyekuwa amesilimu kwa jina la Abd al-Ghaffar, alikaa Makka kwa miezi kadha akaandika juu ya maisha ya wenyeji, lakini akafukuzwa kabla ya haji. Alimwachia kamera yake tabibu mmoja wa Makka, ambaye naye jina lake lilikuwa Sayyid Abd al-Ghaffar. Tabibu huyo aliendelea kupiga picha na kumpelekea mwenzake Ulaya. Picha hizo zilipochapishwa Leiden mwaka 1889, jina la tabibu halikutajwa. Ilichukua karibu miaka mia moja kabla ya wanachuoni kumrudishia haki yake, na kumtambua kuwa ndiye mwana wa Makka wa kwanza ajulikanaye kuupiga picha mji wake.

Katika picha za watu hao Kaaba ni ileile, lakini mji umeingia. Nyumba zimepanda juu ya baraza za msikiti na madirisha yake yanachungulia uwanjani. Mahujaji wamekaa mbele ya kamera, kila kundi na mavazi ya nchi yake. Zaidi ya yote, picha na maandishi ya zama zile yaonyesha njia ya kusai, baina ya vilima vya Safa na Marwa, ambapo haji huenda na kurudi mara saba kwa kumkumbuka Bibi Hajara alipokuwa akimtafutia mwanawe maji. Njia hiyo wakati ule ilikuwa barabara ya mji, nje ya msikiti, yenye maduka pande zote mbili. Haji alikwenda mbio akisoma dua huku akipishana na mchukuzi na mzigo wake, na mwenye duka akimwita mnunuzi. Ibada na riziki zilipita njia moja. Wako waliokereka, na walikuwa na haki, kwa kuwa palikuwa na vumbi, kelele na msongamano. Lakini hapana shaka kwamba palikuwa pa watu wote, na kwamba mji wenyewe ulikuwa sehemu ya haji.

Mwaka 1955 yalianza mapanuzi makubwa ya kwanza ya serikali ya Saudi. Njia ya Safa na Marwa ilijengewa jengo la ghorofa mbili na kuunganishwa na msikiti, na maduka yakaondoka. Sababu haikuwa ya kubuni. Katika mwaka 1950 mahujaji kutoka nchi za nje walikuwa yapata laki moja. Ndege zilipochukua nafasi ya majahazi na meli, hesabu ilipanda mwaka hata mwaka, na mwaka 1983 wakafika milioni moja. Mwaka 2012 mahujaji wote pamoja, wa nje na wa ndani, walipita milioni tatu. Mfalme Fahd alipanua tena katika miaka ya 1980, na mwaka 2011 Mfalme Abdullah akaanza mapanuzi mengine upande wa kaskazini, ambako mtaa wa kale wa Shamiya ulibomolewa. Anayelaumu mapanuzi hayo hana budi kukumbuka mwaka 1990, ambapo watu 1,426 walikufa kwa kusongamana katika njia ya chini ya mlima karibu na Makka. Nafasi si anasa pale ambapo kukosekana kwake huua. Lakini haki ya upande wa pili nayo isisahauliwe: mwezi Septemba mwaka 2015 winchi kubwa ya ujenzi iliangukia msikiti, watu zaidi ya 100 wakafa. Kazi ya kuwapatia watu nafasi imewahi nayo kuwaua.

Tena si kila kilichobomolewa kilibomolewa kwa ajili ya wasalio. Juu ya kilima kilichoelekea msikiti palikuwa na ngome ya Ajyad, iliyojengwa na Waturuki mwishoni mwa karne ya 18. Mwanzoni mwa mwaka 2002 ngome ilivunjwa na kilima chenyewe kikasawazishwa, serikali ya Uturuki ikalalamika bila ya kufaa. Mahali pale pakajengwa majumba marefu ya hoteli na maduka, na refu kupita yote, lililokamilika mwaka 2012, lina kimo cha mita 601 na saa yenye nyuso nne juu yake. Kaaba ina kimo cha yapata mita 13. Majumba hayo ni wakfu, na mapato yake yalikusudiwa kuihudumia misikiti mitakatifu. Hoja hiyo yafaa kusikilizwa. Hata hivyo ni wakfu ambao maskini ataonja kivuli chake tu. Baraza za nguzo zenye makuba, zilizojengwa na Waturuki katika miaka ya 1570, nazo zilifumuliwa katika mapanuzi ya miaka ya 2010, ingawa sehemu yake ilirudishwa baada ya kutengenezwa.

Katika zama hizo za winchi na vumbi alitokea mchoraji aitwaye Ahmed Mater. Alizaliwa Tabuk, Saudi Arabia, mwaka 1979, akakulia katika milima ya Asir, akasomea udaktari. Yastahili kuzingatiwa kwamba mwana wa Makka wa kwanza kuupiga picha mji wake alikuwa tabibu, na huyu aliyeupiga picha ukibomolewa naye ni tabibu. Kazi yake iliyompatia jina ni nyepesi kuielezea: kipande cheusi cha sumaku chenye pande sawa, na chembe za chuma zilizosimama kukizunguka kama umati wa watu waliovutwa na nguvu wasiyoiona. Ilionyeshwa London mwaka 2012 katika maonyesho ya Haji ya jumba la makumbusho la Uingereza. Kazi hiyo yafuata adabu ya vigae vya Iznik: kiini kimoja katikati, na dunia ikikizunguka.

Lakini Mater hakukomea hapo. Kwa miaka kadha alikwenda Makka na kamera, akakusanya picha alizoziita Jangwa la Faran, kwa jina la kale la nyika ambayo mapokeo ya Waislamu yaihusisha na Makka. Mwaka 2016 zikatoka katika kitabu kikubwa. Moja ya picha hizo yaonyesha mnara wa saa na winchi nyingi zilizosimama kuuzunguka msikiti wakati wa machweo. Nyingine imepigwa ndani ya chumba cha hoteli ya fahari: kitanda kimetandikwa vizuri, na nje ya dirisha, chini sana, yaonekana Kaaba na watu wakiizunguka. Picha hiyo haina tusi wala lawama. Anayeitazama hujikuta amesimama mahali pa mpangaji wa chumba, na hapo hulazimika kujiuliza ni wangapi kati ya wale walio chini wangaliweza kulipia kitanda hicho.

Mtu aweza kujibu kwamba hata zamani matajiri walipanga vyumba vyenye madirisha yaliyoelekea Kaaba. Ni kweli, na picha za karne ya 19 zathibitisha. Lakini tofauti ipo. Dirisha la zamani lilikuwa la nyumba ya mwenyeji. Aliyepanga alikula chakula cha jikoni mwake, na kodi yake ilibaki mtaani. Aliteremka ngazi chache akawa njiani pamoja na mchukuzi na mwombaji. Dirisha la leo liko juu sana, na mtaa uliokuwa chini yake haupo tena. Mapanuzi ya uwanja wa kusalia yaliwaongezea watu wote nafasi. Ujenzi wa mahoteli uliwaongezea wachache tu. Mambo hayo mawili aghalabu hutajwa kwa jina moja la maendeleo, na faida ya sanaa hii ni kwamba huyatenganisha mbele ya macho.

Kazi yake nyingine haikupigwa na mikono yake mwenyewe. Ni sinema fupi aliyoiunganisha mwaka 2013 kutokana na picha zilizochukuliwa na vibarua wa ujenzi kwa simu zao za mkononi. Humo huonekana majengo yakianguka, na mfanyakazi mmoja akipandishwa angani pamoja na mwezi mwandamo wa dhahabu uliokuwa ukipelekwa kileleni mwa mnara. Wengi wa vibarua hao walitoka nchi za mbali. Walijipigia picha wenyewe na wenzao, kama wafanyavyo watu wote walio mbali na kwao, bila ya kujua kwamba wanaandika historia. Hapo kazi iliyofanywa na al-Azraqi kwa kalamu, na Abd al-Ghaffar kwa kamera ya sanduku, imewaangukia watu wasiokuwa na ardhi wala nyumba katika mji wanaoujenga.

Sanaa haizuii nyundo. Wala si haki kuitaka Makka ikae kama kigae cha Iznik, uwanja mtupu usioguswa, hali mamilioni wanabisha hodi. Umar alibomoa, na waliokuja baada yake wamebomoa. Lakini Umar aliweka thamani ya nyumba katika hazina mpaka wenyewe wakaichukua, na wanachuoni waliandika nyumba ile ilikuwa ya nani. Kwa desturi hiyo, kilichoondolewa kilihesabiwa katika fedha na katika kumbukumbu. Mtaa unapoondolewa leo, fidia ya fedha ni nusu tu ya haki iliyo juu ya mjenzi. Nusu ya pili, nayo ni kuandika na kuonyesha palikuwa na nini na pa nani, imefanywa zaidi na watu ambao hawakuagizwa: tabibu asiyetajwa jina, tabibu mwenye kamera, na kibarua mwenye simu. Jina la wa kwanza limekwisha kurudishwa. Majina ya vibarua bado.